Tusiwatumie Ndugu Kompyuta Inayojizima
Hapa Etterbeek tukifunga kadi mpya ya michoro, kisha kompyuta ikaanza kujizima na kujiwasha yenyewe, tunasema imezeeka, tumtumie binamu Bukavu. Mimi napinga. Mara nyingi shida ni umeme: kadi ya RTX 3060 peke yake hula wati 170, na NVIDIA hushauri pawa saplai ya wati 550. Ile ya zamani ya wati 300 itahimili vipi? Chomoa kadi mpya, rudisha ya zamani, tumia siku mbili. Ikitulia, kosa halikuwa la uzee. Isipotulia, pima RAM kwa MemTest86. Ikishapona ndipo itumwe. Bukavu umeme hukatika vya kutosha. Zawadi yetu isiongeze giza.