Nargis si mama wa Sanjay Dutt tu

Mhariri,

Vijana wapenzi wa filamu za Kihindi wanamjua Sanjay Dutt. Ukiwatajia Nargis wanakukodolea macho. Ni mamake, sawa, lakini kwanza ni Radha wa "Mother India", filamu ya Mehboob Khan ya mwaka 1957 iliyowania tuzo ya Oscar. Alikuwa hajafika miaka 30, akaigiza mwanamke tangu ubiharusi hadi uzee. Mtazameni anapovuta plau mwenyewe, kamba begani, tope mwili mzima. Uso ule hauhitaji tafsiri.

Wakati wa kupiga picha za filamu hiyo, moto ulimzingira. Sunil Dutt, aliyeigiza mwanawe Birju, alijitosa kumwokoa, akaungua. Mwaka 1958 wakaoana. (Kwenye filamu mama humpiga risasi mwana, nje ya filamu "mwana" kawa mume!) Saratani ilimchukua Nargis Mei 1981, siku chache kabla ya kutoka "Rocky", filamu ya kwanza ya Sanjay kama nyota.

Kurasa zenu za burudani zimejaa nani kaachana na nani. Wapeni waigizaji wa zamani walau safu moja kila Jumapili. Mkianza na Waheeda Rehman, mimi nanunua nakala mbili.

Msomaji wenu,
Tanga