Kabaila aliyenyweshwa maziwa ya mbuzi

Huku kampasi bumu limechelewa, watu wamechacha, na maongezi ya jioni ni yale yale: nikimaliza, nikapata kazi, nikajenga, nikavuta na gari, hapo ndo nitawakumbuka maskini. Mie leo nawapinga, na shahidi wangu ni Mfaransa mmoja, Charles de Foucauld.

Jamaa alizaliwa Strasbourg mwaka 1858, ukoo wa makabaila. Wazazi walikufa angali mdogo, akalelewa na babu, na babu alipofariki 1878 kijana akaachiwa urithi mnono. Mtoto wa kishua kwelikweli! Akautafuna kwa karamu. Chuo cha jeshi la farasi pale Saumur alimaliza wa 87 kati ya 87 (ndugu zangu wa sapu, mpo?). Alipopelekwa Algeria akamchukua hawara wake na kumpitisha kama mkewe wa ndoa. Wakubwa wakamwambia amrudishe, akagoma. Mwaka 1881 akasimamishwa utumishi.

Sasa hapa pananogea. Aliyeanza kumtikisa si padri. Mwaka 1883 hadi 1884 alizunguka Morocco, ambako Mkristo alikuwa hatakiwi, akijifanya Myahudi fukara. Akaonja kudharauliwa. Na akawaona Waislamu wakisali, yeye ambaye imani ilishamtoka zamani, moyo ukaanza kumsumbua. Oktoba 1886 akaenda kwa padri Huvelin, kanisa la Mtakatifu Augustino, Paris, akiomba aelezwe mambo ya dini. Padri akamwambia piga magoti, ungama. Kabaila kaja na maswali yake, kapewa magoti!

Akaingia utawa kwa Watrapisti 1890. Huko Syria akaona hata watawa wanaishi vizuri kuliko vibarua wa jirani, akatoka. Akaenda Nazareti kuwatumikia masista, analala kwenye kibanda cha bustanini. Alipopata upadri 1901 akahamia Béni Abbès, jangwani. Pale alinunua watumwa kadhaa ili kuwaachia huru, na akapiga kelele kwamba wakubwa wa Kifaransa wanaufumbia macho utumwa.

Najua mtasema alikuwa mtu wa ukoloni. Ni kweli, wala simtetei. Marafiki zake maofisa wa jeshi walibaki kuwa marafiki, na aliamini Ufaransa ina haki ya kuitawala Sahara. Kuvua joho la ukabaila aliweza, kuvua bendera hakuweza. Mie hilo halinifanyi nimtupe, ila linanifanya niwaogope wanaosema mtu akiokoka anabadilika chote kwa siku moja.

Lakini kisa ninachokitaka ni cha Tamanrasset, kwa Watuareg, alikohamia 1905. Januari 1908 kulikuwa na ukame mkali. Alishagawa akiba yake ya chakula, akaugua hadi kushindwa kusogea. Majirani zake, wenye njaa vilevile, wakazunguka kutafuta kila mbuzi mwenye tone la maziwa, wakamnywesha, akapona. Hebu fikirini: kaja kuwasaidia maskini, wao ndo wakamwokoa. Mimi naona uongofu wake ulikamilika pale, si kanisani Paris. Kutoa hata mwenye kiburi anaweza, tena anapenda, mradi kamera iwepo. Kupokea kutoka kwa maskini ndo kunakoshinda wengi. Siye tukienda kituo cha yatima tunabeba sabuni na mchele, tunapiga picha, halafu tukikaribishwa uji tunasema tumeshiba.

Jamaa alipigwa risasi tarehe 1 Desemba 1916, hana mfuasi hata mmoja wa kuishi naye. Miaka kumi na saba baadaye, 1933, ndipo wakatokea vijana wa kuishi alivyoishi. Papa Fransisko akamtangaza mtakatifu tarehe 15 Mei 2022.

Haya, wa "nikishapata nitasaidia", njooni na hoja.