Uji, Ufaulu na Swali Tusilouliza

Wanafunzi wenzangu, hebu someni hii. Shule moja ilianza kutoa uji wa asubuhi. Mwaka uliofuata matokeo yakapanda. Mkuu wa shule akasema uji ndio umepandisha ufaulu. Taarifa ipi, ikiwa ni kweli, inadhoofisha zaidi hoja yake? (a) Baadhi ya wanafunzi hawapendi uji. (b) Bei ya unga imepanda. (c) Mwaka huohuo shule ilipata walimu wawili wapya wa hisabati.

Jibu ni (c), maana sasa kuna sababu nyingine inayoweza kueleza matokeo yaleyale. (a) na (b) zinaongelea uji tu, haziugusi uhusiano wake na ufaulu.

Swali nimelitunga mwenyewe, kwa kufuata yale ya GRE, mtihani unaotumiwa na baadhi ya vyuo vya Marekani kuchuja waombaji wa uzamili. Nilipoanza kuyafanyia mazoezi nilikosa karibu yote. Nilikuwa natafuta jibu ndani ya habari, kama nilivyozoeshwa tangu shule ya msingi: ufahamu ni kuchomoa sentensi kwenye aya. Kumbe hapa taarifa mpya inatoka nje, na kazi yako ni kupima inaifanya nini hoja.

Hapo nikakumbuka fildi ya mwaka jana. Tulisoma habari iliyodai kwamba simu ndizo zinazoleta utoro. Kijana mmoja wa kidato cha pili akauliza, "Mwalimu, au waliokwisha kuchoka shule ndio wanaokimbilia simu?" Nikamwambia, "Jibu yaliyomo kwenye habari." Darasa likacheka, naye akakaa. Alikuwa amegeuza sababu na matokeo, jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuja kulihangaikia baadaye. Nikamnyamazisha.

Wapo watakaosema huku ni kufundisha ubishi. Si kweli. Mbishi anakataa tu, ila huyu lazima aonyeshe hoja imelegea wapi. Tena kudhoofisha si kubomoa: huenda uji nao ulisaidia.

Kwa hiyo, walimu watarajiwa, tukienda fildi tuongeze swali moja kwenye kila habari ya ufahamu yenye hoja: "Ni jambo gani, kama lingekuwa kweli, lingekufanya usite kumkubali mwandishi?" Halihitaji kitabu kipya wala bajeti. Linahitaji mwalimu asiyeogopa kuulizwa, na mimi siku ile sikuwa huyo.