Msifungie gemu, fungueni mashine

Leo tunaandika juu ya kitu ambacho wengine watasema ni cha kitoto: kompyuta inayoganda ukicheza gemu. Someni kwanza, kucheka mtacheka baadaye.

Hapa Nakivale kompyuta nyingi tunazotumia ni za msaada. Zimeshafanya kazi miaka kadhaa kwenye ofisi za watu huko mbali, ndipo zikaja kwetu. Tunashukuru, kweli. Zinawaka, zinaandika, zinatoa CV. Halafu kijana anaweka PES 2013 au GTA San Andreas, anacheza dakika ishirini, picha inasimama. Mchezaji mguu juu, mpira hewani, sauti inarudia trrrrr kama redio mbovu. Hakuna kitufe kinachojibu. Msimamizi anakuja, anabonyeza kitufe cha kuwashia mpaka mashine inazima, na hukumu inatoka palepale: gemu zinaharibu kompyuta. Kesho yake karatasi iko mlangoni, HAKUNA GEMU, imeandikwa kwa kalamu nene.

Sisi hiyo hukumu hatuikubali. Ukiandika barua, prosesa ni kama mtu aliyekaa chini ya mwembe. Gemu ni kumwita yule mtu, kumtwika gunia la mahindi na kumwambia panda mlima. Akianguka njiani, utasema gunia ndilo lilimpa malaria? Malaria alikuwa nayo tangu jana. Gunia limeionyesha tu.

Na hapa ndipo jambo linaacha kuwa la kitoto. Mashine ileile iliyoganda na gemu siku ya Jumamosi iliganda tena katikati ya wiki, dada mmoja akiwa kwenye usaili wa masomo kwa video. Maana video nayo ni gunia, siyo barua. Alikuwa amengoja ule usaili miezi. Siku hiyo hakuna aliyekuwa anacheza gemu, karatasi ilikuwa mlangoni wiki ya pili. Sasa tuseme nini kiliharibu?

Kwa kompyuta zetu, mshukiwa wa kwanza ni joto. Juu ya prosesa kuna chuma chenye mapezi membamba, na juu ya chuma kuna feni. Kati ya prosesa na chuma hupakwa pesti, ya kijivu au nyeupe, ili joto lipite vizuri. Miaka ikipita ile pesti inakauka, inakuwa kama udongo wa kiangazi. Halafu vumbi letu, mnalijua wenyewe, la kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, linaingia kwenye mapezi na kutandika humo blanketi kabisa. Ongeza mabati juu ya vichwa vyetu saa saba mchana. Feni inazunguka, inalia, lakini hewa haipiti.

Prosesa iliyopumzika iko kwenye nyuzi 40 au 50 hivi. Kwenye gemu kufika 80 siyo ajabu. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 100 zinajipunguza mwendo ili zisiungue, na ndiyo pale mnaona picha inakatakata. Joto likizidi, mashine inaganda au inajizima yenyewe. Programu ya bure kama HWMonitor inakuonyesha hizo nyuzi. Iache wazi, cheza robo saa, kisha soma namba ya juu kabisa iliyofika. Huna intaneti ya kuipakua? Weka mkono nyuma pale hewa inapotokea. Feni ikipiga kelele na hewa inayotoka ni kidogo, jibu unalo.

Dawa yake haihitaji mtu kutoka Kampala. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Shika chuma cha kasha kwanza, umeme wa mwilini utoke. Fungua ubavu, peleka nje, toa vumbi kwa brashi laini ya rangi iliyo kavu. Feni ishikilie kwa kidole isizunguke unapopuliza. Na usipulize kwa mdomo bwana, mate ni maji! Kama pesti imekauka, ifute kwa kitambaa na spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya dengu, rudisha chuma, kaza skrubu kwa kupishana kona. Hiyo tu.

Siyo kila kuganda ni joto, tusidanganyane. Mashine ya RAM ya GB 4 yenye Windows 10, uweke gemu na kivinjari chenye kurasa kumi wazi, lazima ikwame: taa ya diski inawaka bila kupumzika na kila kitu kinakwenda kwa magoti. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, uone nani amekula nafasi yote. Skrini ikiwa nyeusi sekunde chache kisha ikarudi, angalia draiva ya kadi ya picha. Ikiganda ovyo, hata ukiandika tu, pima RAM yenyewe: andika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia, Windows itaipima ikijiwasha upya. Wakati mwingine kuitoa, kusugua meno yake kwa raba ya penseli na kuirudisha kunatosha. Diski inayotoa mlio wa tik-tik, hiyo usibishane nayo, hamisha kazi za watu leo leo. Na kama inajizima jioni tu, betri za sola zikiwa zimechoka, mashine ni mzima, mgonjwa ni umeme.

Sasa tatizo letu kubwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo tunachoruhusiwa kufanya. Kila kompyuta ina stika yenye namba ya mradi, na tunaambiwa mwenye kufungua ni fundi wa mjini peke yake. Fundi huja gari likiwa na nafasi. Mpaka hapo, iliyoganda mara tatu inaandikwa "mbovu" na kupelekwa stoo. Pale stoo ziko sita. Hatusemi zote zitapona, pengine mbili zimekufa kabisa. Tunasema hakuna hata moja iliyofunguliwa ubavu kuangaliwa, na huku nje vijana wanasubiri zamu, watatu kwa mashine moja.

Ndugu zetu wa mashirika, hofu yenu tunaielewa. Mali ina hesabu, na mtu anaulizwa akipoteza hata waya. Ni kweli pia gemu zinazozunguka kwenye flashi zinakuja na virusi, na kuna wadogo wetu wanaokalia kiti saa nne huku mwenye kazi ya shule amesimama. Hayo wekeeni sheria, tutazisimamia sisi wenyewe: gemu baada ya saa kumi jioni, flashi ipimwe kwanza, zamu nusu saa. Lakini kufungia gemu ili kompyuta isigande ni sawa na kumkataza mtoto kukimbia kwa sababu anakohoa. Kikohozi kiko palepale.

Tena gemu ndiyo kipimo chetu cha bei nafuu. Mashine ikitoka kusafishwa, tuichezeshe saa nzima mbele ya msimamizi. Ikivumilia, itavumilia usaili wa video na mtihani wa mtandaoni. Na yule kijana mnayemwona mvivu wa gemu, huyohuyo anajua dakika ambayo kila kompyuta pale inaganda. Hakuna ripoti ya mradi yenye habari hiyo.

Tunachoomba ni kidogo. Mtupe mashine mbili kati ya zile sita, zile ambazo kwenye karatasi mmeshazitoa roho. Mtu wenu akae pale, aandike kila skrubu tunayotoa. Kwetu wapo wawili waliofanya kazi ya ufundi wa simu na kompyuta Bukavu kabla ya kukimbia, na wamekubali kufundisha bila posho. Bisibisi tunazo, brashi tunazo, pesti tumeanza kuichangia. Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi tuko chini ya ule mti mbele ya kituo, meza tutabeba wenyewe.