Tushukie Gisakura

UPANDE WETU
Na Salum Bizimana

Basi la Kigali likishapita Gisakura, abiria wa Kamembe hufunga madirisha kwa ajili ya baridi, hujifunika vitenge na kulala hadi Kitabi. Nyungwe kwetu ni kona na kichefuchefu. Mgeni kutoka Ulaya naye hushuka kwenye uwanja wetu wa ndege, hukatiza mjini bila kuonja hata sambaza, na kwenda kuutazama msitu ule ule tulioupita tukikoroma. UNESCO iliuandika kuwa urithi wa dunia mwaka 2023. Sisi bado.

Anayesikia habari za Nyungwe hutajiwa kwanza daraja la kuning'inia la Uwinka, lililofunguliwa 2010. Ni zuri, sikatai: unatembea huku vilele vya miti viko chini ya miguu yako. Lakini wengi hupiga picha, wakashuka, wakaondoka. Mwenye siku moja tu ningempeleka Kamiranzovu. Ni bonde la kinamasi katikati ya milima, lenye okidi na ndege wasiopatikana nje ya milima hii ya Bonde la Ufa la Magharibi. Tembo walikuwa wakilisha humo. Wa mwisho wa Nyungwe aliuawa 1999, na tangu hapo kinamasi kinaota bila wa kukikanyaga. Mahali pa namna hiyo panamfundisha mtoto maana ya hifadhi kuliko daraja lolote.

Kisha mbega. Kundi la mamia hutembea ndani zaidi, kuelekea Uwinka, ila pale Gisakura lipo kundi dogo katika kichaka kilichozungukwa na chai, na mzee wa magoti mabovu anaweza kuliona bila kupanda mlima. Sokwe wa Cyamudongo ni shughuli nyingine: barabara mbaya, kuamka usiku, na huenda usiwaone. Hata hivyo kipande hicho cha msitu kiko humu humu Rusizi, mashamba yamekizunguka pande zote, na ajabu ni kwamba bado kipo.

Najua jibu la watu wa sokoni nikiwaambia twende: pesa. Mnyarwanda hulipa kidogo kuliko mgeni, ila kidogo hicho bado ni kikubwa kwa muuza ndizi mwenye watoto wanne. Tangu 2017 asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi hurudi kwa majirani kwa njia ya madarasa, zahanati na maji. Vyema. Sehemu yake ilipie pia wanafunzi wa Rusizi na Nyamasheke waingie wenyewe.

Na wenye mabasi wajaribu safari ya Jumamosi, isipokuwa ile ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi: kuondoka Kamembe alfajiri, kushukia Gisakura, kurudi kabla ya giza. Abiria hawatakosekana. Hifadhi ya jirani zetu ng'ambo, Kahuzi-Biega, imo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini tangu 1997. Kwa hiyo mpaka ukiruhusu, wa Bukavu nao watapanda.