SEHEMU YA 7: "Mtoto apewe dawa." Haya, nani ampe?

Mama zangu na baba wadogo wa Ngara na Biharamulo. Leo siongelei uji wala chanjo. Naongelea herufi moja tu: W.

Shuleni tulifundishwa kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa. "Bibi amempa mtoto dawa": mwenye kazi unamwona, ni bibi. "Mtoto amepewa dawa": mtoto katangulia, bibi kapotea. Kuitambua si ngumu. Angalia W mwishoni mwa kitenzi: osha, oshwa, pika, pikwa, chukua, chukuliwa. Kisha uliza, "na nani?" Maana kuna "chelewa" na "elewa", zina W lakini ukiuliza "amechelewa na nani?" haileti maana. Hizo si za kutendwa.

Sasa inamhusu nini nesi? Sikia.

Mtoto anaharisha, mmepewa ORS na zinki. Zinki ni kila siku, siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma. Mama anawahi shamba, anaacha karatasi: "Mtoto apewe zinki. ORS ichanganywe." Bibi anajua dada kashampa. Dada anajua bibi kashampa. Jioni mtoto hajapata kitu, au kapewa mara mbili. Kiswahili cha karatasi hakina kosa, ila kazi haina mwenyewe.

Andika hivi: "Bibi, mpe mtoto zinki saa 2 asubuhi, kama nesi alivyoandika. Dada, changanya pakiti 1 ya ORS kwenye lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Ikifika saa 24, mwaga." Kila mtu kajua lake.

Hata karatasi za kituoni zina hayo. Utakuta "mama aletwe mapema uchungu ukianza." Aletwe na nani, usiku, kwa pikipiki ya nani? Usiondoke hujauliza.

Siikatai kauli ya kutendwa, ina mahali pake. Marburg ilipotangazwa Biharamulo Januari 2025, mpaka ikatangazwa kwisha Machi 13, onyo kama "mgonjwa asiguswe bila kinga" lilikuwa sawa kabisa. Hapo katazo ni la kila mtu: ndugu, jirani, mganga. Halihitaji jina. Lakini kazi ya mtu mmoja bila jina ni kazi ya hakuna mtu.

Kwa hiyo, mama kijacho, leo usiku kaa na baba mtoto, mtoe ule mpango wenu wa kujifungua. Kila penye W, ulizeni "na nani?" muandike jina. "Mama apelekwe hospitali" iwe "Shemeji atampeleka mama, nimeshaongea naye. Mama mkwe atabaki na watoto. Baba ataweka hela ya nauli kuanzia wiki hii."

Ukiona mstari hauna jina la kuandika, mtafuteni mtu huyo sasa hivi, kabla uchungu haujaanza.