Dozi ya Utotoni kwa Mwili Uliokua: Muundo wa Asasi na Uchovu wa Watumishi Wake

Mtoto aliyeanzishiwa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI akiwa na uzito wa kilo 8 hawezi kuendelea na dozi ile ile atakapofikisha kilo 20. Katika kila hudhurio la kliniki hupandishwa kwenye mizani, na uzito wake ukivuka kiwango kilichowekwa, dozi hubadilishwa. Asipopimwa, dawa iliyomwokoa jana huwa pungufu leo, na virusi hupata nafasi ya kuongezeka na kujenga usugu. Hakuna tabibu anayemlaumu mtoto huyo kwa kukua, wala anayemwambia ajikaze. Kosa hutafutwa kwenye mizani isiyotumika.

Asasi zisizo za kiserikali zinazotoa huduma za afya nazo hukua, lakini mara nyingi hazipandishwi kwenye mizani. Huanza na watu watano au sita wanaofahamiana, chumba kimoja na daftari moja. Miaka 15 baadaye huwa na watumishi 60, ofisi katika wilaya kadhaa, wafadhili wanne na maelfu ya wagonjwa, ilhali maamuzi bado hufanywa kama vile watu wote wamo katika chumba kile kile. Watumishi wanapoanza kudhoofika, huambiwa wapumzike kidogo, wasali, wajitume zaidi au wahudhurie semina ya kukabiliana na msongo. Hoja ya makala haya ni kwamba uchovu uliokithiri katika asasi nyingi za namna hii hauanzi moyoni mwa mtumishi. Huanzia katika muundo wa kazi uliopitwa na ukubwa wa shirika, na huko ndiko tiba inakopaswa kuelekezwa.

Ni vyema kwanza kueleza uchovu unaozungumzwa. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa lililopitishwa mwaka 2019, linaieleza hali hii kuwa ni matokeo ya msongo wa muda mrefu mahali pa kazi ambao haukudhibitiwa ipasavyo. Imeorodheshwa kama hali itokanayo na kazi, si kama ugonjwa. Ina sura tatu: kuishiwa nguvu; kujitenga na kazi kwa mawazo na hisia, hadi mtu kuanza kuibeza; na kupungua kwa ufanisi. Tofauti na uchovu wa kawaida, huu haumaliziki kwa usingizi wa usiku mmoja wala kwa siku mbili za mapumziko. Mtu hurejea kazini Jumatatu na kuukuta mezani pale pale alipouacha.

Wengi huusahau mwanzo wa elimu hii, nao unahusu asasi za kujitolea moja kwa moja. Aliyeiandika hali hii kitaalamu mwaka 1974 ni mwanasaikolojia Herbert Freudenberger wa New York, nchini Marekani. Hakuanza kwa kuchunguza viwanda wala mabenki. Aliiona katika kliniki ya bure iliyowahudumia vijana, wengi wao wakitumia dawa za kulevya, ambako yeye na wenzake walijitolea nyakati za jioni baada ya kumaliza kazi zao za mchana. Walioanguka si wavivu. Walikuwa watu wa moyo, waliozoea kusema ndiyo kwa kila mgonjwa, na Freudenberger mwenyewe aliionja hali hiyo.

Watafiti waliofuata waliuhamisha mjadala kutoka kwa mtu kwenda mahali pa kazi. Christina Maslach na Michael Leiter, katika kitabu chao cha mwaka 1997, walitaja maeneo sita ambamo mtu na kazi yake huweza kutofautiana: wingi wa kazi, uwezo wa kuamua, malipo na shukrani, uhusiano na wenzake, haki, na maadili anayoyaamini. Maeneo yote sita yanahusu jinsi kazi ilivyopangwa. Hakuna hata moja linaloponywa kwa kumwambia mtumishi avute pumzi ndefu.

Afrika Mashariki ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1987, Noerine Kaleeba na wenzake wachache walianzisha TASO nchini Uganda, wakiwa watu walioguswa na UKIMWI katika familia zao. Mwaka 1989 ikaanzishwa WAMATA nchini Tanzania, ikiongozwa na Theresa Kaijage. Asasi za kizazi hicho zilizaliwa wakati ambapo dawa za kufubaza virusi hazikupatikana kwa mwananchi wa kawaida. Kazi yake ilikuwa kumtembelea mgonjwa nyumbani, kumfariji, kumwosha, kuwapa jamaa zake moyo na kuwasaidia yatima. Kazi hiyo ilihitaji watu wachache wenye upendo na mikutano mifupi chini ya mti.

Kisha mambo yakabadilika upesi. Mfuko wa Kimataifa wa kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria ulianza mwaka 2002. Mpango wa dharura wa UKIMWI wa Marekani, PEPFAR, ukatangazwa mwaka 2003. Na kuanzia mwaka 2004 Tanzania ikaanza kutoa dawa hizo bila malipo kupitia kliniki za tiba na matunzo. Mgonjwa aliyekuwa akisindikizwa kaburini sasa anaishi, anazaa na kuzeeka. Huu ni ushindi mkubwa. Hata hivyo, ushindi huo uliigeuza kazi yenyewe. Badala ya kumfariji mtu kwa miezi michache, mhudumu hufuatilia dawa zake maisha yote, hutunza kumbukumbu, humtafuta aliyeacha kliniki, huchunguza kifua kikuu, hupeleka takwimu kila mwezi na taarifa kila robo mwaka. Kwa asasi nyingi ndogo zilizoingia katika kazi hii, kilichokua ni idadi ya wagonjwa, wafadhili na fomu. Utaratibu wa kuamua ulibaki ule wa chini ya mti.

Muundo uliopitwa na wakati humchosha mtumishi kwa njia tatu hasa.

Ya kwanza ni sahihi ya mtu mmoja. Asasi ilipokuwa na watu sita, ilikuwa busara mwanzilishi aidhinishe kila shilingi. Inapofikisha watu 60, busara hiyo hugeuka kizuizi. Na ichukuliwe mfano wa mhudumu anayeomba masurufu ya nauli ili amfuate mgonjwa wa kata ya jirani ambaye dawa zake zitakwisha Ijumaa. Fomu hupita kwa mratibu, kisha kwa mhasibu, kisha humsubiri mkurugenzi aliye safarini Dodoma. Sahihi inapopatikana ni Jumatatu. Mhudumu huyo hakuchoshwa na safari, maana hakusafiri. Amechoshwa na kujua lililompasa kufanya, kuwa na uwezo wa kulifanya, na kuzuiwa. Mkurugenzi naye hulala saa saba usiku akitia sahihi hati za malipo, akiamini kuwa hakuna wa kumsaidia. Wote wawili wanaugua kwa sababu moja.

Ya pili ni hesabu ya mahusiano. Watu 6 wanaofanya kazi pamoja wana mahusiano 15 ya mtu na mtu. Yanaweza kutunzwa kwa salamu za asubuhi. Watu 40 wana mahusiano 780. Asasi ikiendelea kupashana habari kwa mazungumzo ya korido na kundi moja la simu, basi ujumbe wa mgonjwa mahututi utakuwa umefunikwa na picha za harusi na matangazo ya kikao. Kila mtu atalazimika kusoma kila kitu, mchana na usiku, kwa hofu ya kupitwa. Penye mashaka kuhusu nani anaamua nini, watatu wataamua jambo moja kwa njia tatu. Wahenga walikwisha kusema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ikumbukwe tu kwamba wanaotapika baharini ni abiria na mabaharia, si chombo.

Ya tatu ni kuongeza bila kupunguza. Kila mradi mpya huja na mfadhili wake, daftari lake na vigezo vyake. Mama mmoja anayetumia dawa za kufubaza virusi, anayetibiwa kifua kikuu na kumnyonyesha mtoto, anaweza kuandikwa katika madaftari matatu na mhudumu yule yule, siku ile ile. Katika zahanati ya serikali inayopandishwa hadhi kuwa kituo cha afya, ikama inatarajiwa kubadilika, maana kazi mpya huhitaji kada mpya na idadi mpya ya watu. Katika asasi, mara nyingi hupandishwa hadhi majukumu peke yake. Mhudumu wa majumbani huwa pia karani, dereva wa pikipiki, mshauri nasaha na mwandaaji wa semina, na barua yake ya ajira bado inasema ni mhudumu wa majumbani.

Anayelipa gharama ya mwisho ni mgonjwa. Yeye ndiye huanza kuona kwamba dada aliyekuwa akimwita kwa jina sasa anamwita kwa namba ya kadi. Huona maswali yanaulizwa bila kusubiri majibu. Huona sura mpya kila baada ya miezi mitatu, na kila sura humtaka asimulie upya habari za ugonjwa, ndoa na unyanyapaa wake. Wengine huacha kuja. Katika takwimu ataandikwa kuwa amepotea kwenye ufuatiliaji, kana kwamba alipotea njia. Ni haki wagonjwa wafahamu kwamba ukavu huo wa mhudumu si lazima uwe dharau. Huenda ni dalili. Ni haki pia waitaje katika masanduku ya maoni na kwenye kamati za afya, bila kuogopa.

Zipo hoja za upande wa pili, na zina uzito. Wapo wanaosema tatizo ni fedha, si muundo. Ni kweli kwamba fedha hazitoshi, na mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, asasi nyingi zilipunguza watumishi kwa ghafla. Lakini hapo ndipo umuhimu wa muundo huonekana zaidi. Waliobaki wakikabidhiwa kazi zote za walioondoka, bila kuamuliwa ni ipi iachwe, uchovu huwa umeandikwa kwenye ratiba tangu siku ya kwanza. Nauli ile ya mfano uliotajwa haikukosekana, ilikosa sahihi.

Wengine wanahofu kwamba taratibu za maandishi zitaua moyo wa asasi na kuleta urasimu. Hofu hiyo inaheshimika, hasa ikitoka kwa waanzilishi waliouza vyao ili wengine wapone. Hata hivyo, urasimu ni utaratibu usiolingana na kazi, iwe kwa kuzidi au kwa kupungua. Asasi ambayo kila jambo husubiri mtu mmoja tayari ina urasimu, hata kama haina karatasi.

Aidha, haifai kila mchovu apewe jina hili. Upungufu wa damu, kisukari, maradhi ya tezi na sonona huweza kujificha nyuma ya maneno “nimechoka”. Mtumishi mwenye uchovu wa majuma kadhaa anastahili kupimwa kama mgonjwa mwingine yeyote, na mwenye fikra za kujidhuru anastahili msaada siku hiyo hiyo. Muundo mzuri hauondoi haja ya tiba.

Kinachohitajika ni mizani. Mara moja kila mwaka, bodi ikae na maswali machache. Taratibu zinazotumika ziliandikwa asasi ikiwa na watu wangapi, na sasa ina wangapi? Fedha ya nauli inahitaji sahihi ngapi? Kila mhudumu ana wagonjwa wangapi, na nani anamtembelea kazini kumsaidia, si kumkagua tu? Mradi mpya ulipopokelewa, kazi gani iliachwa? Majibu yakionyesha kwamba mwili umekua, dozi ibadilishwe: madaraka ya matumizi madogo yakasimiwe kwa maandishi kwa wasimamizi wa wilaya, kila kazi iwe na mwenye kauli ya mwisho, idadi ya wagonjwa kwa mhudumu iwe na kikomo, wafadhili waombwe wakubali daftari moja, na mwanzilishi, muda ukifika, ahamie kwenye bodi, ambako hekima yake itahitajika zaidi kuliko sahihi yake.

Yapo pia ambayo hayasubiri kikao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida za kazi kwa juma na likizo ya mwaka ya siku 28. Asasi inayotetea haki za wagonjwa huku ikiwanyima watumishi wake likizo inabomoa kwa mkono mmoja inachojenga kwa mwingine.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husema Waswahili: aubebaye peke yake ndiye ajuaye uzito wake. Kiongozi wa asasi hawezi kuujua kwa kuutazama kwa mbali, wala kwa kumsifu mbebaji kwa uvumilivu wake. Itambidi aupime. Na akishaupima na kukuta umezidi, asimtafute mtu mwenye mgongo mpana zaidi. Aupunguze, au augawe.